Wimbo Uliokatazwa Kulia

Wimbo ukiwa mbaya nasema ni mbaya, ukiwa mzuri nasema ni mzuri, na anayekasirika atafute maji ya baridi anywe. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa na kwaya zetu za kusini mwa Johannesburg, kuanzia hapa La Rochelle mpaka Rosettenville. Kazi ya kunilisha ni saluni: nasuka, napaka dawa, nauza mawigi. Lakini kwetu Fizi, upande ule wa Kongo unaotazama Ziwa Tanganyika, nilikuwa mwalimu wa muziki, na vita vilivyonitoa kule viliniachia masikio yangu yote mawili.

Sisi watu wa huko tuna desturi ambayo Wakenya na Watanzania wa hapa wanaiona ni ukatili. Kwenye tamasha, kwaya ikimaliza kuimba haishuki jukwaani. Inabaki imesimama, na mkosoaji anainuka mbele ya watu wote kuipekua: sauti ya tatu imezama, besi wanakokota, mwimbishaji amekimbia kana kwamba ameacha chungu jikoni. Akishamaliza, anataja ubeti ulioharibika, na kwaya inaurudia palepale mpaka unyooke. Hakuna kununa. Mkosoaji akisema rudieni, mnarudia, hata kama mchungaji anaangalia saa na wali unapoa. Mkosoaji huyo ni mimi, Brigitte, na katika miaka yote niliyokaa Afrika Kusini hakuna kwaya iliyowahi kunikatalia.

Mambo yalianza mwezi wa tano mwaka 2018. Jumuiya yetu ilikuwa inaandaa tamasha la tarehe thelathini Juni, sikukuu ya uhuru wa Kongo, na rais wa jumuiya alikuwa ameamuru kwamba kwaya ya Marcellin, iliyo kubwa kuliko zote, iimbe "Mlimani Kuna Ushindi". Kila mtoto wa Fizi wa rika langu ameuimba wimbo huo. Ulitoka kwa wapiganaji waliokaa milimani miaka ya sabini, wale waliosema wanaleta ukomunisti, shamba la wote na chungu cha wote, na wakawafanya wanavijiji wa kule juu kuwa raia wao, watake wasitake. Sisi wa bondeni tuliupokea ukiwa umeshazeeka, tukauimba shuleni bila kuuliza:

*Mlimani kuna ushindi, ndugu,*
*nani atatuzuia?*
*Moyo wetu ni mmoja,*
*nani atatuzuia?*

Marcellin alinitumia mazoezi yao kwenye simu. Huyu Marcellin ni fundi cherehani, mwimbishaji mzuri, mwoga kidogo. Nilisikiliza huku nikiosha nywele za mteja, na mkono wangu ukasimama. Nilirudisha simu nyuma, nikasikiliza tena. Halafu nikabonyeza kitufe na kusema ninalolifikiri, kama kawaida yangu, kwenye kundi la kwaya zote la WhatsApp.

"Marcellin, waimbaji wako hawana kosa. Kosa liko ndani ya wimbo. Sikiliza pale mnaposema ushindi: sauti inashuka, inashuka tena, halafu inakatika. Nani anashangilia ushindi namna ile? Wimbo unalia, maneno ndiyo yanacheka. Kuna mtu aliuvua nguo zake akauvisha za mwingine."

Sikuwa na habari yoyote ya siri. Lilikuwa sikio tu. Lakini sauti ile ilizunguka kwenye simu za Wakongo kutoka kwetu mpaka kwa wale wenye vyeo vyao wanaokaa Sandton kwa matajiri, na katika juma hilohilo watu wawili waliniletea miguu yao saluni.

Wa kwanza alikuwa Papa Hénock, rais wa jumuiya. Papa Hénock si mtu wa kupuuzwa. Ukitaka barua ya jumuiya ili makaratasi yako ya ukimbizi yasogee, unapita kwake. Mtu wako akifa na unataka mwili ufike nyumbani, unapita kwake. Tena wote tulijua kwamba zamani alikuwa kijana wa milimani, na kwamba kule alikuwa komisaa, yaani mtu wa chama cha wapiganaji wale, anayechunga mawazo ya watu kama wengine wanavyochunga mbuzi. Mambo ya nchi yalipogeuka, mkubwa wao wa milimani akawa rais, naye alipata vyeo, akala akashiba, halafu akahamia huku kufanya biashara ya magari. Ukomunisti aliuacha kulekule mlimani, na naona hata hakumbuki ni wapi alipouweka.

Aliingia na koti lake la ngozi, akakaa kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo, akazungumza na mimi akijitazama mwenyewe. Alisifu saluni. Aliuliza habari za watoto. Halafu akashusha sauti, wateja wangu wakajifanya wanasoma simu zao.

"Mama Brigitte, ile wimbo si ya kuchezea. Siku ile kutakuwa wageni kutoka Kinshasa, na mwaka huu ni wa uchaguzi. Weye utasimama, utasema imeimbwa muzuri, basi, utakaa. Ndugu yako Pitchou angali anafundisha Uvira, ao siyo?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, angali anafundisha. Akasema ni jambo jema mtu kubaki na kazi yake, akaondoka, akaacha mlango wazi baridi yote ya Johannesburg ikaingia.  Mtu unavuka mipaka yote hii, unalala kwenye vituo vya mabasi, unaanza maisha upya kwa kitana na mkasi, halafu anakuja mtu kukuambia ndani ya saluni yako, ambayo unailipia pango mwenyewe, ni nini masikio yako yaruhusiwe kusikia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nakubali. Lakini kamba hii nilidhani niliikata Uvira, pale mpakani nilipovukia.

Wa pili alikuja siku mbili tatu baadaye, mchana. Alikuwa Papa Évariste, mzee mwembamba tunayesali naye, anayekaa na binti yake Murielle ambaye anauza nguo kule Marshalltown. Kanisani hukaa mstari wa nyuma. Hajawahi kujiunga na kwaya yoyote, na mimi nilidhani hajui kuimba. Aliketi kwenye benchi, kofia mapajani, akangoja mpaka mteja wangu akaondoka, kisha akaniomba nimsikilizishe tena ile sauti niliyotuma kwenye kundi. Nikamsikilizisha.

"Nani alikuambia?" akauliza.

Nilimwambia hakuna aliyeniambia, nilisikia tu. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu, machozi yakaanza kumtoka bila sura yake kubadilika. Halafu akaimba. Sauti ilikuwa imechakaa, kifua kilikuwa kinakwaruza, lakini kila noti alikanyaga mahali pake. Ulikuwa wimbo uleule niliouimba shuleni, na sasa kila kitu kilikaa sawa, mashuko yote na pale sauti inapokatika:

*Mlimani kuna baridi, mwanangu,*
*nani atakufunika?*
*Nguo yangu ni moja,*
*nani atakufunika?*

Alinisimulia mwenyewe, taratibu. Wapiganaji walipochukua kijiji chao alikuwa kijana, mwimbishaji wa kwaya ya kanisa. Kanisa likafungwa, kwaya ikabaki, ikaitwa kwaya ya mapinduzi, naye akaachwa aiongoze. Kiangazi kimoja mtoto wake wa kwanza, msichana aliyeitwa Apendeki, alikohoa mpaka akafa. Dawa hazikuwepo, chumvi yenyewe ilikuwa ya kunusa. Alitunga wimbo ule akiwa bado na udongo wa kaburi mikononi. Hakumfundisha mtu. Wanawake waliusikia kwake, wakaenda nao mtoni, wakaenda nao shambani, na kwa kuwa karibu kila nyumba kule juu ilikuwa imezika mtoto, mlima mzima ukawa unauimba.

Ndipo chama kikasikia. Kule walikuwa na mikutano ya jioni ya kukosoa na kujikosoa. Mtu anaitwa, anasimama, anajishtaki mwenyewe mbele ya wenzake mpaka komisaa aridhike. Komisaa wa kijiji chao aliuchukua wimbo neno kwa neno. Wimbo unalia, na ndani ya mapinduzi anayelia anamfanyia adui kazi. Wimbo unasema nguo *yangu*, wakati hakuna tena cha mtu. Wimbo unauliza swali na kuliacha bila jibu, wakati chama kina majibu yote. Halafu akamwuliza Papa Évariste, mbele ya mama wa yule marehemu, "Kwani chama hakina blanketi?"

Chama hakikuwa na blanketi. Kila mtu pale alijua hakina. Na kila mtu alinyamaza.

Alisimamishwa jioni baada ya jioni, mbele ya kwaya aliyokuwa akiiongoza, mpaka kwa kinywa chake akasema kwamba wimbo wake ni wimbo wa mwoga. Alipokwisha kusema hivyo, komisaa akaleta maneno mapya, akamwamuru awafundishe waimbaji wake. Akawafundisha. "Mke wangu alikuwa sauti ya kwanza," aliniambia. "Aliimba."

Nilimwuliza komisaa huyo alikuwa nani, ingawa nilishajua. Akasema alikuwa Hénock, kijana mdogo, ndevu zilikuwa hazijajaa. Akaongeza kwamba asilaumiwe sana, naye alitumwa. Hasira ilinipanda mpaka nikaweka kitana chini, maana ningekivunja. Mimi ni mkosoaji. Nimewaliza waimbaji, nakiri, na wengine walistahili. Lakini ukosoaji ni kumwambia mtu wimbo wako ungeweza kuwa mzuri zaidi. Kumchukua baba aliyetoka kuzika na kumfundisha kuyatukana machozi yake si ukosoaji, ni wizi, tena wa kinyama, na aliyeufanya sasa anasaini barua zetu na kukata keki kwenye harusi zetu.

Papa Évariste hakutaka kisasi. Alitaka jambo moja. Daktari alikuwa amemwambia mambo ya kifua chake ambayo Murielle hakuyajua bado, na kabla kifua hicho hakijafunga alitaka kuusikia wimbo mara moja, uimbwe na kwaya kubwa, sauti zote nne, kwa maneno yake. Mama yake Apendeki alikufa bila kuusikia tena. Nikamwahidi atausikia tarehe thelathini Juni. Nilimwambia akae mstari wa mbele, mengine aniachie.

Nilikwenda kwa Marcellin siku hiyohiyo. Alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za tamasha, vitenge vya kijani vimejaa chumba. Nilimweleza yote na kumwomba aimbishe maneno ya mzee. Aliendelea kukanyaga cherehani muda wote huo, ila niliona mshono umekwenda upande. Akasema hawezi. Makaratasi ya mke wake yalikuwa yanangoja barua ya Papa Hénock, na kama barua hiyo haitatoka, mke atakuwa hapa bila kibali, na watoto je? Nikageuka kuondoka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni alipozima cherehani.

"Mama, miye siwezi kuimba ile maneno kwa kupenda yangu," alisema. "Lakini kama mkosoaji anasimama mbele ya watu anasema turudie, nitafanya nini? Desturi ni desturi. Nitawafundisha waimbaji kwa siri, wakae tayari."

Hivyo ndivyo tulivyopanga. Papa Évariste sikumwambia jinsi jambo litakavyokwenda. Nilitaka liwe zawadi.

Asubuhi ya sikukuu nilimpigia simu Pitchou, Uvira. Nilimwambia ninalokwenda kufanya na nani amenitajia jina lake. Alicheka mpaka akakohoa. Aliniuliza wakimfukuza watamnyima mshahara upi, ule usiofika tangu Pasaka? Kisha akasema kama ni kweli niseme.

Ukumbi ulikuwa wa shule moja hapahapa La Rochelle, baridi ya kukata masikio, wanakwaya wamevaa makoti juu ya vitenge vipya mpaka zamu yao ifike. Mbele walikaa wageni wa Kinshasa na beji zao vifuani, katikati yao Papa Hénock, miguu ameikunja. Papa Évariste alikuwa mstari huohuo, mwisho kabisa, ndani ya koti la Murielle alilopaswa kukunja mikono yake. Nilimwona amenyoa ndevu. Watu walijaa mpaka ngazini.

Kwaya ya Marcellin iliimba vizuri. Nasema ukweli hata ninapochukia: besi walikuwa imara, sopurano walipanda bila kukwaruza, na ushindi uliimbwa kwa nguvu zote. Watu wakapiga makofi, wageni wakapiga makofi, simu zote zikawa juu. Makofi yakaisha, kwaya ikabaki imesimama kama desturi, na mimi nikaenda kuchukua kipaza sauti. Papa Hénock alinitikisia kichwa kidogo, kama baba anayemruhusu mtoto aanze kusoma shairi.

"Sauti ni nzuri," nilisema. "Waimbaji hawana kosa. Lakini wimbo huu una kosa tangu siku ulipobadilishwa maneno. Una mwenyewe, na mwenyewe yuko humu ndani. Aliutunga akimzika mtoto wake, chama kikasema machozi yake ni ya adui, kikamnyang'anya. Marcellin, rudieni ubeti wa kwanza, kwa maneno ya mwenyewe."

 Marcellin alinyanyua mikono. Niliwasikia sopurano wakivuta pumzi, walikuwa tayari, namshukuru Mungu nilisikia angalau pumzi ile.  Papa Hénock alivua miwani yake, akamtazama Marcellin, basi. Mikono ya Marcellin ilibaki juu kidogo, ikaanza kushuka, ikashuka kabisa, na pumzi za sopurano zikatoka bila wimbo.

Hapo kiti kikalia. Papa Évariste alikuwa amesimama.

Nilidhani anataka kuimba mwenyewe. Moyo wangu ulifurahi, nikamsogelea na kipaza sauti. Hakukichukua. Alivua kofia, akaiweka chini ya kiti. Akabana visigino, akapeleka mikono nyuma, akatazama ukuta juu ya vichwa vyetu. Sauti iliyomtoka haikuwa ile iliyochakaa niliyoisikia saluni. Ilikuwa kavu, ya haraka, ya kijana.

"Mimi ndugu Évariste, mbele ya chama na mbele ya wananchi, nimekosa. Nilitunga wimbo wa kulia. Nilimweka mtoto wangu mbele ya mapinduzi. Nilisema nguo yangu, na nguo ni ya wote. Nawaomba wananchi wanikosoe."

Vijana wa nyuma walicheka, walidhani ni mchezo wa kuigiza ulioandaliwa kwa sikukuu. Wazaliwa wa hapa watajuaje? Wakaulizana kwa Kiingereza na Kizulu huyo mzee anaigiza nini, wakasogeza simu zao wapate picha nzuri. Wazee wetu hawakucheka. Mama mmoja wa Fizi alijifunika uso kwa kitenge. Murielle alikuja mbio kutoka mstari wa tatu, akamshika baba yake mkono, akamsihi akae, akamwambia yuko Johannesburg, hakuna chama hapa. Alikuwa kama anamsihi mlango. Mzee hakusogea. Jasho likamtoka katika baridi ile, naye akabaki amesimama, macho ukutani, anangoja kitu ambacho hakuna kati yetu aliyejua ni nini.

Mmoja tu alijua. Papa Hénock hakuinuka, wala hakugeuza kichwa. Nadhani hata hakufikiri, ilimtoka kama mtu anavyopiga miayo.

"Imetosha, ndugu Évariste. Keti."

Papa Évariste akaketi.

Nimeona mambo mengi mabaya katika maisha yangu, mengine siyasemi mbele ya watoto, lakini sijaona baya kama jinsi goti lile lilivyokunjika mara tu liliporuhusiwa. Miaka arobaini imepita. Mlima ule umekuwa wa watu wengine, chama kimekufa na kufufuka kwa majina mengine, watu wawili wamevuka Afrika nusu nzima kila mmoja kwa njia yake, na bado mmoja anangoja ruhusa ya mwenzake kukaa kwenye kiti. Na aliyemsimamisha safari hii ni mimi. Nilisimama na kipaza sauti mbele ya umma, nikasema wimbo wake una kosa, nikasema mwenyewe yuko humu ndani. Yeye aliitwa hivyohivyo zamani. Alifanya alichofundishwa kufanya akiitwa.

Nililia, na nikilia huwa mbaya zaidi. Nilikwenda mpaka mbele ya Papa Hénock, nikamwekea kipaza sauti chini ya kidevu.

"Sasa zamu yako, Papa Hénock. Simama."

Alitabasamu. Aliwageukia wageni, akawaeleza kwa Kifaransa kwamba mzee ni mgonjwa wa kichwa na mama huyu amechoka na maandalizi. Nikasema tena, simama. Nikamwambia mtoto aliitwa Apendeki, alikufa kwa kukosa nguo ya kujifunika, na baba yake amesimama kwa ajili hiyo mara zisizohesabika, yeye asimame mara moja tu, aseme neno moja tu, watu wamekaa tayari kumsikiliza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tabasamu likabaki usoni mwake bila mwenyewe. Mgeni mmoja akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake. Mwingine akatazama viatu. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyeniunga mkono, na Papa Hénock hakusimama.

Nyuma yangu nilisikia viatu kwenye mbao. Kwaya ya Marcellin ilikuwa inashuka jukwaani, mmojammoja, vichwa chini, ubeti haukurudiwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwaya kushuka hivyo tangu nianze kazi hii, na sikuwa na nguvu ya kuwaita.

Kitu kikanivuta kitenge. Alikuwa Papa Évariste, amejikokota kutoka kwenye kiti chake, Murielle akimfunga koti. Sauti yake ya kawaida ilikuwa imerudi, ile iliyochakaa, na uso wake ulikuwa na aibu, na aibu hiyo ilikuwa kwa ajili ya Hénock.

"Mwache, mama," alisema. "Huyu hakufundishwa kusema nimekosa. Alitufundishaka siye tu."

Halafu akaniomba msamaha kwa kuniharibia tamasha.